Sura ya Lalla Rhimo Kivulini

Wajukuu wa Lalla Rhimo walikuwa na picha zake nyingi kwenye simu zao, na katika zote alikuwa kiganja. Ukimwelekezea kamera, mkono ulikuwa umeshafika usoni kabla hujabonyeza. Ungeona bangili, ungeona vidole vyenye hina na upindo wa mtandio, lakini uso usingeuona. Wageni walidhani ni utani wake. Suad, binti yake, alijua sababu. Mama yake alichorwa kidevuni kwa sindano na masizi akiwa msichana kule milima ya Rif, kaskazini mwa Moroko, kama walivyochorwa wenzake wote, na wakati huo ulikuwa urembo. Alipoolewa mjini Tetuan akaanza kusikia masheikh redioni wakisema michoro hiyo ni haramu, na majirani nao wakaanza kumtazama kidevuni. Akawa anapaka poda na kuvuta mtandio juu. Picha akazikataa moja kwa moja.

Alikufa ghafla mwezi wa Shaaban, muda mfupi baada ya harusi ya mjukuu wake Hafsa. Kitambulisho chake kilirudishwa serikalini pamoja na karatasi za msiba, na hakuna aliyekumbuka kukitolea nakala. Msiba ulipotulia ndipo familia ilipogundua kwamba haina uso wake hata mmoja.

Aliyeumia zaidi ni mumewe. Si Mfeddal (kwetu "Si" ni bwana, kama "Lalla" ni bibi) alikuwa fundi wa makubadhi ya ngozi, na presha ya macho ilikuwa inambana kidogo kidogo. Daktari alishamwambia wazi kwamba dawa inachelewesha tu. Alikuwa amebakiwa na tundu dogo la kuona mbele yake, na lenyewe lilikuwa linazidi kuwa dogo.

Siku moja baada ya sala ya alasiri aliingia studio kwetu, Suad amemshika mkono.

"Picha za hina ya Hafsa mlizipiga nyinyi," alisema, bado amesimama mlangoni.

"Ndiyo, ami. Karibu ukae kwanza."

"Nitakaa. Siku ile Rhimo alikuwa jikoni. Nyinyi mlikuwa sebuleni mnampiga picha bibi harusi, na mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Huyo kaka yako hakuacha kupiga, tatatatata, kama mashine ya kushonea. Haiwezekani mkono wake ufike usoni mara zote hizo. Nitafutie, binti yangu. Kabla haya macho hayajafunga duka."

Studio yetu iko karibu na lango la Bab Okla. Mimi ni Ghizlan, na kaka yangu ni Anwar. Sote tunapiga, sote tunasafisha picha kwenye kompyuta, na kwa miaka yote tuliyofanya kazi pamoja tumegombana juu ya jambo moja. Kamera zetu hazihifadhi picha iliyokwisha kupambwa. Zinahifadhi mwanga wenyewe kama ulivyoingia, na giza lake. Tunaiita picha mbichi. Ukiifungua mbichi moja kwenye programu yangu, ambayo naikodi kwa mwezi, na kwenye ya Anwar, ambayo ni ya bure na ina vitufe kama chumba cha rubani, unapata picha mbili ambazo mtu angeapa zilipigwa siku tofauti.

"Watu wako wanang'aa kama sabuni," Anwar huniambia.

"Na wako wote wanaonekana wametoka machimboni."

Siku ile hatukubishana. Nilifungua kabrasha la harusi ya Hafsa, na Suad akavuta kiti karibu. Tukapita picha moja moja. Hafsa amekaa chini ya dirisha kwenye mito ya kijani, mikono mbele, mwanamke wa kupaka hina ameinama. Nyuma yao mlango wa jikoni ulikuwa pembenne nyeusi tu, kwa sababu Anwar aliipima kamera kwa mwanga wa dirishani ili gauni jeupe lisiungue kwa mwanga pichani. Ni sawa alivyofanya. Mpiga picha yeyote angefanya vile.

"Rudi nyuma," Suad aliniambia ghafla. "Hapo. Hapo mlangoni, si kuna mtu?"

Ndani ya weusi kulikuwa na weupe hafifu wa kadiri ya ukucha. Nikakuza. Nikaburuta kidude cha vivuli hadi mwisho, na giza likaanza kufunguka kama maziwa yanapomiminwa kwenye kahawa. Ukaja mtandio. Likaja bega. Halafu ukaja uso, umegeukia kwetu moja kwa moja, na mikono yote miwili chini, imeshika sinia.

Suad akapiga kelele. "Mama! Wallahi ni mama! Baba, mama huyu hapa, anatutazama!"

Si Mfeddal akainuka akaja kwenye kioo, karibu pua iguse. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akitafuta kumweka katika lile tundu lake.

"Naona zambarau," alisema. "Zambarau na kijani. Amekaa wapi?"

"Ni chenga hizo, ami," nilimjibu. "Picha ni ya giza sana. Tutaisafisha. Utamwona."

Nilisema utamwona. Anwar akanitazama kwa jicho la pembeni, na nilijua anawaza nini, lakini yule mzee alikuwa ameshaanza kutuombea dua kwa sauti, na Suad analia na kucheka pamoja.

Walipoondoka tulifunga mlango tukaanza kazi. Mimi nilifanya kama ninavyofanya siku zote: kwanza rangi ya mwanga, kisha kuuzungushia mstari uso peke yake ili nisiharibu pengine, kisha kuinua vivuli kidogo kidogo, kisha kufuta chenga, mwisho kurudisha ukali wa macho na mdomo. Alitoka mwanamke mpole, laini, kama anayeonekana kupitia mvuke wa hamamu. Mashavu hayakuwa na hata mkunjo mmoja. Kidevu kilikuwa safi kama cha mtoto.

"Hii ni nta," Anwar alisema. "Umemfuta mama wa watu ukabakisha mshumaa."

"Lete yako, fundi."

Yeye alianza kwa kuua rangi zote, kwa sababu katika giza rangi ndiyo inayodanganya zaidi. Chenga akaziacha. Akaupandisha mwanga hatua kwa hatua, akabakiza nyeupe na nyeusi. Ukikaa mbali na kioo ulimwona mwanamke amesimama na sinia, amechoka, ana jambo kichwani. Ukisogea alivunjika akawa kokoto. Kidevuni palikuwa na weusi. 

"Ule mchoro! Anwar, umeupata!"

"Usifurahi." Akanionyesha kwa kalamu. "Weusi kama huo uko na shavuni. Uko na ukutani nyuma yake. Uko mpaka kwenye sinia."

Tukabadilishana viti. Mimi nikaifanya mbichi ile kwa programu yake, yeye kwa yangu. Tukajaribu na programu nyingine mbili tulizokuwa nazo. Kila moja ilisoma chembe zile zile kivyake. Katika moja mdomo ulikuwa umefungwa, katika nyingine umefunguka kidogo, kama anataka kumwita mtu. Katika moja jicho la kushoto lilikuwa na huzuni, na katika nyingine halikuwepo. Hatimaye tuliukuza mdomo mpaka tukaziona pikseli zenyewe, vile vijiraba vya rangi ambavyo picha yote imeundwa navyo. Vilikuwa vichache, na kila kimoja na rangi yake isiyohusiana na jirani. Huo ndio mdomo wote tuliokuwa nao.

"Mwanga haukumfikia," Anwar alisema. Alikuwa ameweka mikono kichwani. "Hakuna programu itakayotoa kitu ambacho hakikuingia. Nikiwa na hata taa moja ndogo siku ile..."

"Ungejuaje?"

 Akashusha mikono, akaifungua tena ile mbichi.

Kumbe Suad alikuwa ameshampigia simu kaka yake Abdelilah, aliyeko Malaga, Hispania. Kesho yake akatupigia kwa video, amevaa ovaroli ya kazini.

"Dada Ghizlan, kwa nini mnateseka? Nitumie hiyo mbichi. Hapa kuna programu ya akili bandia, unaipa picha iliyoharibika inakurudishia mpya."

"Kaka Abdelilah, hiyo hairudishi. Inabuni."

"Wewe tuma tu. Ni mama yangu."

Alikuwa na haki. Nikatuma. Kabla chai yangu haijapoa, picha ilikuwa imerudi kwenye simu zetu wote.

Niseme kweli, ilikuwa nzuri. Kila unywele wa nyusi ulionekana, na mikunjo midogo pembeni mwa macho, na mng'ao wa dirisha ndani ya mboni. Alikuwa bibi wa heshima, mwenye tabasamu la kadi ya salamu. Alikuwa na sikio la kulia lenye hereni ya dhahabu. Nikarudi kwenye mbichi. Mtandio wa Lalla Rhimo ulikuwa umefunika masikio yote mawili. Mashine iliona ni vizuri bibi awe na sikio, ikampa. Kidevuni haikuweka kitu. Chochote kilichokuwa pale ilikihesabu kuwa uchafu.

Suad alitualika Ijumaa kwa kuskusi, tukaenda na picha tatu tulizochapa kwa ukubwa mmoja: yangu, ya Anwar, na ya Abdelilah. Baada ya kula meza ikapanguswa, zikapangwa mbele ya Si Mfeddal karibu na dirisha. Abdelilah alikuwepo kwenye simu, ameegemezwa kwenye birika.

Mzee aliichukua ya Anwar kwanza. Akaisogeza, akaiondoa, akaigeuza kwenye mwanga. "Mchanga," alisema. Akachukua yangu. Alikaa nayo muda mrefu. "Hapa kuna mtu, lakini amenipa kisogo."

"Hakukupa kisogo, baba, anakutazama," Suad alisema. "Haya shika hii. Hii ndiyo yenyewe."

Akaishika ya Abdelilah. Hiyo aliiona vizuri, kwa kuwa ilikuwa na mwanga na mistari ya wazi. Uso wake ukafunguka kwa heshima, kama mtu anayefungua mlango akakuta mgeni.

"Mashallah," alisema. "Nani huyu?"

 Simu ikakohoa kule kwenye birika.

"Baba," Suad alisema taratibu, "ni mama."

"Hapana."

"Ni mama, baba. Macho yako ndiyo yanakusumbua."

"Macho yangu mabovu, sikatai. Lakini huyu namwona, na simjui." Akageuka upande niliokaa. "Binti, wewe una macho. Waambie."

Nikasema nilichokijua. Nikaeleza habari ya sikio, na hereni, na kwamba mashine imejifunza kwa nyuso za maelfu ya wanawake wengine ikaokoteza huku na huku. Nilijitahidi kutumia maneno ya upole. Nilipofika kati, Suad alinikatiza.

"Wewe ulimjua mama yangu?"

"Nilikutana naye siku ile ya hina."

"Uliuona uso wake?"

Nikakumbuka. Alinipa chai uani. Nilikuwa na kamera shingoni, kwa hiyo alinipa kwa mkono mmoja, na wa pili alikuwa ameuweka usoni.

"Sikuuona," nikajibu.

"Basi usinifundishe mama yangu." Hakusema kwa ubaya. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Mimi nataka kitu cha kutazama, Ghizlan. Hiyo yako ni moshi, na hiyo ya kaka yako ni kifusi. Nikiweka kifusi ukutani, watu watasema nini?"

"Suad ana haki," simu ilisema. "Mimi naona ni mama. Kabisa."

"Na ile alama?" Si Mfeddal aliuliza. "Mche wake uko wapi? Ule uliochorwa kidevuni."

"Baba, mwenyewe alitaka kuufuta. Alimwuliza daktari wa ngozi mara ngapi? Mungu amemfutia."

"Mimi sikutaka ufutwe," mzee alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nautazama."

 Anwar alikuwa anakusanya makombo ya mkate mezani kwa kidole.

Jumatatu Si Mfeddal alikuja studio peke yake, akipapasa ukuta. Sijui alivukaje barabara. Alitaka tumwekee ule mche kwenye picha yangu, ile laini. Alisema sura ikiwa hafifu si neno, bora kidevu kiwe chake, mengine atajaza mwenyewe.

"Wewe uko wapi sasa hivi? Mbele ya mashine?"

"Nipo, ami. Nina kalamu ya kuchorea. Niambie ulivyokuwa."

"Rahisi. Shina moja kutoka mdomoni kwenda chini."

Nikachora.

"Pembeni majani. Mawili huku, mawili huku."

Nikachora. Nikakuza mpaka kidevu kikajaa kioo kizima, akaja akasogeza uso wake karibu.

"Hapana, majani yalikuwa yanatazama chini. Au... subiri. Nipe karatasi."

Nikampa karatasi na kalamu nene ya wino. Akachora kwa mkono wa fundi, mstari ulionyooka, bila kutetemeka: shina, majani, nukta tatu chini. Akaukagua kwa kuusogeza karibu na jicho. Akachora wa pili chini yake, na huo haukuwa na majani, ulikuwa na vimstari vilivyokatiza kama ngazi. Wa tatu akaanza juu na nukta, akasita.

"Nukta zilikuwa juu," alisema. "Karibu na mdomo. Alipocheka zilikuwa zinapanda."

"Sawa, ami. Juu."

"Au hizo zilikuwa za dada yake."

Akaweka kalamu chini.  Nje kijana muuza maji ya machungwa alikuwa anapiga kelele na mteja, na Anwar akaenda kufunga mlango.

"Nimeutazama maisha yangu yote," Si Mfeddal alisema. "Kila asubuhi akinimiminia chai. Sasa nautafuta, naona karatasi." Akanyoosha mkono hewani mbele yake, vidole vimekusanyika, kama anayemshika mtu kidevu. Akaviacha hapo. "Suad anakumbuka?"

Nilikuwa nimeshamuuliza Suad kwa simu. Tangu azaliwe, mama yake alikuwa anapaka poda kabla watoto hawajaamka.

"Hakumbuki, ami."

"Kwenu huko hakuna programu ya hilo?"

Nilitaka kumpa jibu. Nilifungua tena ile mbichi mbele yake, ingawa hakuweza kuiona, nikaburuta vivuli juu, nikashusha, nikaburuta tena. Nilibadilisha rangi ya mwanga ikawa ya buluu, ikawa ya njano. Kidevuni palitokea mche, ukawa ngazi, ukawa hakuna. Kila nilichotaka kukiona nilikiona. Anwar akaja akaweka mkono juu ya wangu, akauondoa taratibu kwenye kipanya.

"Inatosha, Ghizlan."

Alimrudisha mzee nyumbani. Zile karatasi Si Mfeddal hakuzichukua.

Picha ya Abdelilah ilitiwa fremu ya mkaratusi ikatundikwa sebuleni, mahali pa juu. Majira ya baridi yalipofika tundu la macho ya Si Mfeddal lilifunga kabisa. Nilikwenda kumjulia hali mara kadhaa. Alikuwa mchangamfu, akiniuliza habari za kazi na kama Anwar ameshapata mchumba, na habari za picha hakuzigusa tena. Mimi nilizigusa mara moja. Nilimwambia ile mbichi bado tunayo, imehifadhiwa mahali pawili, na kwamba programu zinaboreshwa kila mwaka.

"Vizuri," alisema, kwa sauti ya mtu anayemfariji mtoto. "Kunywa chai, binti yangu."

Hafsa alijifungua mtoto wa kike mwezi wa nne, tukaitwa kupiga picha za siku ya kumpa jina. Nyumba ilijaa. Walimwita Rhimo. Kina mama wakamzunguka mtoto, wakimkagua, wakigawana viungo vyake: paji la baba, pua ya mama mkwe. Mama mmoja wa makamo, jirani wa siku nyingi aliyekula na kunywa na Lalla Rhimo, akamnyanyua mtoto mpaka usawa wa fremu.

"Tazameni mdomo! Si ndio huo huo? Bibi yake mtupu!"

"Kweli jamani," wakaitikia. "Na tabasamu lake. Allah amrehemu."

Si Mfeddal alikuwa amekaa kwenye kochi chini ya picha, kanzu nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Alisikia kila kitu. Nilimwona ameinua kidevu kidogo kuelekea sauti ilikotoka.

"Anafanana naye?" aliuliza.

"Sana, ami!" mama yule akasema, akampakata mtoto mapajani. "Kama wamekatwa kwa mkasi mmoja. Ghizlan, hebu wapige hivyo hivyo, babu na mtoto, na Lalla Rhimo juu yao."

Suad alinitazama kutoka mlangoni, sinia la biskuti mkononi. Halikuwa jicho la kuniamrisha. Lilikuwa la kuniomba nisiseme kitu.

Mzee alikuwa anapitisha kidole kwenye kidevu cha mtoto, polepole, kutoka mdomoni kwenda chini. Anwar aliinua taa kutoka upande wangu wa kushoto, kubwa, ile tunayoibeba siku hizi kila mahali, akaielekeza ili pasiwe na kivuli popote. Nikapiga.